Tarehe ya Kuandikishwa: Mituweli za Bukavu Ndani na Nje ya Msimu



Nimeombwa niseme juu ya bima ya afya. Nimechagua kipande kimoja tu cha jambo hilo, nacho ni tarehe: siku kitabu cha mituweli, yaani chama cha kuchangiana matibabu, kinapofunguliwa, siku kinapofungwa, na yanayompata mtu anayefika baada ya kufungwa. Wengi huliona hilo ni jambo la karani. Kwangu mimi hapo ndipo mituweli inapopona au kufa. Na ni hapo familia nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda zinapokosa matibabu ambayo zilikuwa tayari kuyachangia.

Sina haja ya kuwaeleza hali ya mtu asiye na mituweli. Kila mmoja hapa anamjua mama aliyejifungua kwa operesheni, akapona, mtoto akapona, halafu akabaki wodini kwa sababu bili haijalipwa. Ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni deni. Mume anauza simu, kisha godoro. Dada anapita kanisani, anapita kwa wajomba, anapita kwa mwenye duka. Kila asubuhi muuguzi anampita yule mama bila kumpima, kwa kuwa hakuna cha kupima, na kila siku anayolala pale inaongezwa kwenye bili. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kwa familia hiyo, haki ile imekwama kwenye dirisha la malipo.

Mituweli zilikuja mkoani kwetu kujibu hilo. Jimbo Kuu la Bukavu, kupitia ofisi yake ya kazi za tiba tunayoijua kwa herufi BDOM, lilifanya kazi kubwa ya kuzianzisha, na watu wengine wakafuata. Utaratibu wake mnaujua: kila kichwa kinachangia dola chache kwa mwaka, na mwanachama akiugua, mituweli inalipa sehemu kubwa ya bili, yeye analipa kilichobaki. Tangu tarehe 8 Februari 2017 kuna sheria ya msingi namba 17/002 inayoziongoza mituweli za Kongo nzima. Kwa hiyo hatuzungumzii tena vikundi vya kujaribu jaribu. Tunazungumzia vyama vyenye wanachama, viongozi, kanuni na mkutano mkuu.

Sasa tuje kwenye tarehe. Kwa nini mituweli haiandikishi watu kila siku ya mwaka?

Malalamiko ninayoyasikia ni haya: "Nilikuwa na pesa yangu mkononi, wakanifukuza." Mlalamikaji ana haki ya kukasirika, lakini na asikie kwanza. Wamama mnaocheza likirimba mnajua kwamba hakuna kikundi kinachompokea mtu siku ya zamu yake ya kupokea, akatoa mchango wa kwanza asubuhi na kubeba kapu zima jioni. Mngemkatalia bila mjadala. Mituweli ni likirimba ambayo zamu yake hupangwa na ugonjwa, na anayejiandikisha siku ugonjwa umeshaingia ndani amejipangia zamu mwenyewe.

Tuchukue penseli. Hesabu hii ni ya mfano tu, ya kutusaidia kuona. Watu 500 wa mtaa mmoja wanachanga dola 5 kila mmoja. Mfukoni kuna dola 2,500. Katika mwaka, wamama wanne wanahitaji operesheni ya kujifungua. Kila operesheni ni dola 150, na mituweli inalipa 120. Jumla ni dola 480. Zimebaki dola 2,020 za malaria, tifoidi na mifupa iliyovunjika kwenye pikipiki. Sasa fungua kitabu mwaka mzima, na mtu alipe pale anapojisikia vibaya. Wenye afya watangoja. Mimi pia ningengoja. Watakuja watu 60, wote wana jambo mwilini, na wale wamama wanne wamo. Mfukoni zimeingia dola 300. Operesheni bado ni 480. Mfuko umepungukiwa na dola 180 kabla ya mgonjwa wa kwanza wa malaria hajagonga. Mwaka unaofuata hospitali inakataa kadi, na watu wanasema mituweli ni wezi, ingawa hakuna aliyeiba hata faranga moja.

Hili limewakuta hata wenye nguvu kuliko sisi. Jirani zetu wa Tanzania, kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, walikuwa na Toto Afya Kadi: shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto wa chini ya miaka 18 anatibiwa. Ilikuwa kadi nzuri, na kwa watoto wenye maradhi ya moyo au saratani ilikuwa uhai. Lakini wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua na kuwaacha nyumbani walio wazima. Machi 2023 mfuko ukasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waingie kupitia shule zao au pamoja na familia. Waliolia kwa uchungu zaidi ni wazazi wa watoto wagonjwa, wale ambao kadi iliwafaa kuliko wote. Ninawaomba mkumbuke hilo kila mtu anapopendekeza kitabu kifunguliwe tu bila kanuni.

Kwa hiyo msimu naukubali. Naukubali pia ule muda wa kungoja baada ya kulipa, kabla kadi haijaanza kufanya kazi, na ile kanuni ya kuandikisha nyumba nzima, baba, mama na watoto wote, badala ya kumchagua bibi mwenye presha peke yake. Ninachogombana nacho ni msimu uliopangwa bila kuangalia mifuko ya watu, na msimu usiokuwa na kanuni yoyote kwa waliozuiliwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wao.

Nchi yetu iliwahi kuonyesha jinsi ya kuupanga. Mwaka 1986, huko Bwamanda, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Ubangi Kusini, hospitali ilianzisha bima ya kulazwa. Wakati huo serikali ilikuwa karibu haipo kwenye tiba ya vijijini. Waanzilishi walijiuliza kwanza swali ambalo wengi wetu huliuliza mwisho: mkulima wa hapa ana pesa lini? Jibu lilikuwa wazi, ni pale anapouza mazao. Basi kitabu kilifunguliwa kwa wiki chache majira ya mauzo, na mchango wa mtu mmoja ukakadiriwa kwa bei ya kilo mbili za soya, kitu ambacho kila mkulima alikijua thamani yake bila kufundishwa. Waandikishaji walikuwa wauguzi wa vituo vya afya, watu ambao wanakijiji walikuwa tayari wamewakabidhi miili yao. Mgonjwa alilipa asilimia 20 ya gharama za kulazwa, bima ililipa 80. Katika msimu wa kwanza tu, zaidi ya robo ya wakazi wa zoni ile waliingia, na bima ikaendelea kusimama katika miaka ambayo sarafu ya zaire ilikuwa inayeyuka mikononi mwa watu. Bart Criel, daktari Mbelgiji aliyeifuatilia kwa miaka mingi, ameandika juu yake kwa kina, na dunia ya tiba inalijua jina la Bwamanda. Mimi ningependa lijulikane zaidi hapa Bukavu, maana ni kazi iliyofanyika katika ardhi yetu.

Bukavu hatuvuni soya barabarani. Lakini pesa zetu nazo zina majira. Septemba shule zinafunguliwa, na ingawa shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, bado kuna sare, madaftari, na sekondari ya wakubwa. Desemba kuna sikukuu. Januari mfuko umekauka, na kodi ya nyumba haingoji. Anayefungua kitabu cha mituweli Januari anamwomba mama wa soko la Kadutu pesa katika mwezi ambao hana. Nyumba ya watu wanane kwa dola 5 ni dola 40 kwa mkupuo mmoja. Kwa mama anayebeba mizigo kutoka Beach Muhanzi kupanda mlima, dola 40 ni mtaji wote na deni juu yake. Wakenya wamekutana na ugumu huo huo. Tangu 1 Oktoba 2024, chini ya SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, wasio na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na baadaye serikali ikaleta mkopo wa Lipa SHA Pole Pole kwa sababu watu hawakuwa nazo.

Je, mama wa Kadutu ana dola 40 lini? Wengi wenu mmo kwenye AVEC, vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana, mnakutana kila wiki, sanduku na funguo zake tatu, hisa zinapigwa mhuri kwenye kitabu. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa au kumi na miwili, mnagawana. Siku hiyo ya kugawana, pesa iko mezani, imehesabiwa mbele ya wote. Hapo ndipo karani wa mituweli anapaswa kuwa amekaa na kitabu chake. Asingoje watu wapande ofisini kwake. Aifuate AVEC Cimpunda, Panzi, Nyamugo, siku ya kugawana. Ng'ambo ya Ruzizi, Wanyarwanda hufanya jambo la namna hii: mwaka wao wa mituweli unaanza tarehe 1 Julai, na vikundi vyao vya akiba, ibimina, huanza mapema kuweka kidogo kidogo ili siku hiyo ikifika familia ziwe zimemaliza. Watu wetu wanaovuka kila siku kwenda Kamembe wanayaona haya kwa macho yao.

Ikiwa mituweli moja ina AVEC 30 zinazogawana katika miezi tofauti, basi iwe na misimu midogo kadhaa kwa mwaka, kila kikundi na tarehe yake. Kikundi kizima kinapoingia pamoja, wazima kwa wagonjwa, ile hofu ya mtu kujipangia zamu inapungua sana, kwa sababu hakuna aliyechagua siku kwa kuwa anaumwa. Kwa karani ni kazi zaidi, ninajua. Wanachama watakaopatikana wanastahili kazi hiyo.

Sasa tuje nje ya msimu, na hapa ninaomba mnivumilie, kwa maana jambo lenyewe ndilo lililonileta.

Maelfu ya ndugu zetu wa Kivu wameishia Marekani kama wakimbizi, wengi baada ya miaka ya kambini. Wanapofika wanakutana na soko la bima za afya lililoanzishwa na sheria ya 2010. Soko hilo nalo lina msimu: kwa miaka ya karibuni, katika majimbo mengi, limefunguliwa tarehe 1 Novemba na kufungwa 15 Januari. Ukichelewa, unangoja mwaka mwingine. Lakini sheria yenyewe inataja mambo ya maisha yanayomfungulia mtu kitabu katikati ya mwaka. Umezaa. Umeoa au umeolewa. Umehama. Umepoteza kazi iliyokuwa na bima. Kwa kawaida mtu ana siku 60 za kujiandikisha tangu jambo hilo litokee, na mtoto mchanga akiandikishwa kwa wakati, bima yake huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Mfumo wa Marekani una matatizo makubwa na ni ghali mno; sitaki tuuige. Ninachokitaka ni hicho kimoja: orodha ya mambo iliyoandikwa, na idadi ya siku iliyoandikwa. Mtu hapigi magoti kwa mtu. Analeta karatasi, anaandikishwa.

Kwetu, mahali pengi, kuandikishwa nje ya msimu ni ukarimu wa karani. Mama anayemfahamu mweka hazina, mtoto wake anaongezwa kwenye kadi. Asiyemfahamu anaambiwa arudi msimu ujao. Mambo haya mawili yanaweza kutokea asubuhi moja, kwenye benchi moja.

Mtazameni mtoto mchanga. Serikali ilizindua mpango wa kujifungua bure Septemba 2023, ukaanza Kinshasa na kusambazwa mikoani, na pale ulipofika unamhudumia mama na mtoto wake mpaka mtoto afikishe siku 28. Ni jambo jema, na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini siku ya 29 mtoto huyo ni wa nani? Kama alizaliwa Mei na kitabu cha mituweli kilifungwa Februari, ataugua malaria yake ya kwanza akiwa hana kadi, ingawa mama yake, baba yake na kaka zake wote wanne wanayo. Hakuna ujanja hapo. Hakuna mtu aliyepanga kuzaliwa ili aihujumu mituweli. Sheria yetu ya familia inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa ofisa wa serikali. Mituweli zichukue siku hizo hizo 90, kwa karatasi ile ile. Tutapata faida mbili: mtoto atakuwa na kadi, na wazazi watakuwa na sababu moja zaidi ya kumpatia cheti cha kuzaliwa.

Mtazameni tena mtu aliyekimbia. Tarehe 4 Mei 2023 maji na matope vilifagia Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, na mamia ya watu wakafa. Waliobaki hawakuwa na kitu, na baadhi walikuwa wanachama wa chama fulani huko walikotoka: kikundi, kanisa, ushirika. Aliyefika kwa dada yake Bagira mwezi wa Sita, je, asubiri msimu? Na hao wanaoshuka kutoka milima ya Kalehe, Kabare, Walungu kwa sababu ya bunduki, mwaka baada ya mwaka? Kiongozi wa mtaa anawajua na anaweza kuwaandikia hati. Wapewe siku zao tangu walipofika, na muda wa kungoja ufupishwe. Najua mtaniuliza kama hawataleta magonjwa yao. Wataleta. Kwa hiyo kwa kundi hili sisemi mfuko wa wanachama ubebe peke yake. Hapo ndipo michango ya makanisa na mashirika ya misaada inapopaswa kuingia, kwa kumlipia aliyekimbia mchango wa mwaka, kuliko kumlipia bili moja moja baada ya kuzuiliwa wodini.

Na kuna mwaka wenyewe unapovunjika. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga. Mwenye akiba hakuweza kuigusa, wala chama hakikuweza kuigusa ya wanachama. Mama ambaye alikuwa amepanga kulipa mituweli wiki ile, angelipaje? Kanuni nyingi hazikuandikwa zikifikiria mwezi kama huo, nasi tunaoishi hapa tunajua kwamba miezi ya namna hiyo hutukuta. Kanuni iseme wazi: mji ukishikwa na vita au msiba mkubwa, kitabu kinabaki wazi mpaka hali iruhusu watu kutoka na kulipa, na anayelipa ndani ya muda huo hahesabiwi kuwa amechelewa. Malipo kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, yaandikwe kuwa malipo halali, kwa stakabadhi yenye jina la mwanachama.

Walimu waliomo humu watasema: mbona sisi wa MESP hatuna msimu? Ni kweli. Mituweli ya walimu, iliyoanzia Kinshasa mwaka 2011, inakata mchango kwenye mshahara, na mwalimu hachagui siku ya kuingia. Msimu ni dawa ya uhiari. Pale ambapo wote wamo, hakuna wa kumwogopa, na kitabu hakina haja ya kufungwa. Agizo la sheria namba 23/006 la 3 Machi 2023, lililorekebisha sheria ya afya ya 2018 ili kuingiza bima ya afya kwa wote, linatupeleka huko. Nitafurahi kuona siku ambayo mhadhara huu hauna kazi. Lakini mama anayejifungua mwezi ujao Kasha hawezi kulazwa ndani ya sheria ambayo bado haijamfikia, na mituweli yake iko hapo, na mkutano wake mkuu unaweza kubadilisha kanuni mwaka huu huu.

Kabla hujalipa msimu huu, muulize karani maswali manne. Kadi inaanza kufanya kazi tarehe gani? Mtoto akizaliwa katikati ya mwaka, inakuwaje? Mtu wa nyumbani mwangu akifika kutoka kijijini, ninafanya nini? Na nikilipa nusu leo na nusu mwezi ujao, nyumba yangu iko ndani au nje? Akijibu kwa mdomo, mwombe akuonyeshe kwenye kanuni. Kama haimo, andika jina la mituweli na ulilete jambo hilo kwenye mkutano mkuu. Ukumbi wa mkutano ni wako kwa mujibu wa sheria.

Ili msiende mikono mitupu, nimeandika kifungu ambacho mtaweza kukipeleka, kukikosoa na kukipigia kura:

"Kitabu cha kuandikisha hufunguliwa kwa kila kikundi katika siku 30 zinazozunguka siku yake ya kugawana akiba, na kwa wasio na kikundi katika miezi itakayopangwa na mkutano mkuu. Nje ya hapo ataandikishwa, bila kuombwa kitu zaidi ya mchango na hati: mtoto wa mwanachama, ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na kadi yake itahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, mke au mume wa mwanachama, ndani ya siku 60 tangu ndoa, mjane au yatima aliyetegemea kadi ya marehemu, ambaye kadi yake itaendelea mpaka mwisho wa mwaka, mtu aliyehamishwa na vita au maafa, ndani ya siku 60 tangu afike, kwa hati ya kiongozi wa mtaa, na mtu aliyepoteza kazi iliyokuwa na bima, ndani ya siku 60. Vita au msiba ukiufunga mji, siku hizi zote husimama, na huendelea kuhesabiwa njia zitakapofunguka."

Nakala ziko mezani pale mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Chukueni za kutosha mtaa mzima.